Mwanangu Atakula Nini Uchina?



Jumamosi iliyopita, baada ya darasa la akina mama, alibaki nyuma bibi mmoja ambaye tumemjua tangu siku alizokuwa akimleta mwanawe chuoni kwa kumshika mkono. Mtoto yule leo ni kijana wa miaka 19. Amepata nafasi ya kusomea uhandisi nchini Uchina na ataondoka baada ya wiki sita, inshallah. Mama hakutuuliza habari za baridi wala za lugha. Alisema, “Sheikh, mwanangu atakula nini huko? Nimeambiwa watu wale hula kila kitu.” Kisha akakunjua karatasi aliyoandika vitu anavyokusudia kumfungia: tende kilo tano, visheti, biskuti, samaki wa mikebe na unga wa uji.

Karatasi ile ilituchoma moyo, na sababu yake tutaieleza bila kuificha. Miaka kadhaa nyuma, ndugu mmoja mfanyabiashara alikuwa akienda Guangzhou kwa mara ya kwanza kununua vitambaa na vyombo. Alitukuta tukitoka msikitini, tuna haraka, akatuuliza swali hilihili. Tulimjibu tukiwa tunavaa viatu: “Chakula cha Wachina chote kina shaka. Chukua tende na mikate mikavu, umalize shughuli zako urudi.” Naye akatii. Kwa siku 24 aliishi kwa tende, biskuti na maji ya moto. Siku ya mwisho, akiburura mizigo yake kuelekea kwenye gari, alisikia sauti ikimtolea salamu kutoka mlango wa mkahawa mdogo uliokuwa pembeni mwa nyumba aliyopanga. Alikuwa ni Mchina aliyevaa kofia nyeupe, mikono imejaa unga, anavuta tambi. Mkahawa ulikuwa wa Waislamu. Ndugu yetu alikuwa amepita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni, kila siku, na tende mfukoni.

Aliporudi hakutulaumu, na huo ni wema wake. Sisi tulijilaumu, kwa kuwa tulitoa jibu katika jambo ambalo hatukulijua. Tangu wakati huo tumekuwa tukisoma na kuwahoji wafanyabiashara na wanafunzi wanaorejea kutoka huko. Makala haya ni deni tunalolilipa kwa kuchelewa.

Kosa letu lilianzia katika maneno yenyewe “chakula cha Wachina”, kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu akituambia “chakula cha Waafrika”, tutamuuliza: kipi? Wali wa nazi wa Lamu, ugali wa bara, au injera ya Uhabeshi? Uchina nayo ni nchi iliyoanzia kwenye barafu ya kaskazini ikafika kwenye migomba na minazi ya kusini, na kutoka bahari ya mashariki hadi majangwa ya magharibi. Wenyewe huhesabu mapishi makuu manne, ya Shandong, Sichuan, Guangdong na Jiangsu, na wengine huongeza ya Zhejiang, Fujian, Hunan na Anhui yakawa manane. Hesabu hiyo ni ya wapishi wa mijini na wenye vitabu. Cha kushangaza ni kwamba haikuyataja mapishi yanayotuhusu sisi zaidi kuliko yote, nayo tutayafikia.

Mgawanyiko wa kwanza ambao mpishi yeyote atauelewa ni wa ngano na mchele. Safu ya milima ya Qinling na mto Huai huikata nchi katikati. Kaskazini ya mstari huo hali ya hewa ni kavu na ya baridi, hivyo watu hulima ngano na kula mikate ya mvuke, tambi na vitobosha vilivyojazwa nyama. Kusini kuna maji na joto, na watu hula wali. Kwa hiyo anayesema kila Mchina hula wali anasema habari za nusu ya nchi. Kijana wetu akipangiwa chuo cha kaskazini, ajiandae kukutana na unga kila siku. Akipangiwa kusini, atauona wali, lakini ni wali mweupe usiotiwa chumvi wala tui, unaoliwa pamoja na vyakula vingine vinavyowekwa katikati ya meza.

Shandong iko kaskazini-mashariki, kando ya bahari. Huko wanapenda siki, kitunguu thomu na majani ya vitunguu, na supu zao husifiwa nchi nzima. Tumelitaja jimbo hili kwa sababu moja inayotugusa sisi watu wa pwani. Moja ya vyakula vyao vya heshima ni jongoo bahari aliyepikwa polepole pamoja na vitunguu virefu vya majani. Jina analoitwa huko lina maana ya ginseng ya baharini, yaani dawa ya kutia nguvu. Wavuvi wetu wa Gazi, Shimoni na Vanga huzamia jongoo huyo, humchemsha, humkausha na kumuuza kwa wafanyabiashara wanaompeleka mashariki ya mbali, na ni nadra mmoja wao kumwonja. Mzee mmoja alituambia kwamba katika maisha yake yote amemtoa jongoo baharini na hajui mnunuzi humfanya nini. Jibu ndilo hilo: hulowekwa siku kadhaa mpaka avimbe, kisha huwekwa mbele ya mgeni mheshimiwa.

Sichuan iko ndani ya nchi, bonde lenye ukungu na unyevunyevu, na ndiko kwenye pilipili. Wasomaji wasidhani pilipili ni ya asili huko. Ilitoka bara la Amerika kama ilivyotoka ile ya kwetu, ikaanza kutajwa Uchina mwishoni mwa karne ya 16, na ilichukua muda mrefu kuingia katika vyungu vya Sichuan. Kilicho chao cha asili ni kiungo kingine, maganda ya tunda dogo la mti wa jamii moja na ndimu. Kiungo hicho hakiwashi, bali hutia ganzi midomo na ulimi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Pilipili na ganzi zikikutana, ndio ladha ya Sichuan. Chakula chake mashuhuri ni tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ikipikwa kwa nyama ya kusaga na rojo la kunde pana na pilipili zilizovundikwa. Asili yake ni mji wa Chengdu, na jina lake linamkumbuka mama mmoja mwenye makovu ya ndui usoni aliyekuwa akiwapikia wapita njia. Watu wa Hunan nao hula pilipili kali, ila bila ganzi.

Tusimame hapa kidogo, maana vijana wetu huvutiwa sana na chungu cha moto cha Sichuan, ambapo kila mtu huchovya chakula chake katika supu nyekundu inayochemka mezani. Kijana akiona hapana nguruwe mezani hudhani mambo ni salama. Supu ile, hasa ya mji wa Chongqing, hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuchinjwa na mtu wetu. Basi kuchovya uyoga tu ndani yake hakumtoi mtu katika tatizo.

Guangdong iko kusini kabisa, na Guangzhou ndio mji wake mkuu. Migahawa mingi ya Kichina iliyofunguliwa ng'ambo zamani ilifunguliwa na watu waliotoka jimbo hili, kwa hiyo kile ambacho dunia ilikizoea kuwa “cha Kichina” kwa kweli ni cha Guangdong, tena kilichobadilishwa. Mpishi wa huko husifiwa kwa kutoharibu ladha ya kitu chenyewe. Samaki awe hai saa moja kabla ya kuliwa. Apikwe kwa mvuke, atiwe tangawizi na majani ya vitunguu, basi. Asubuhi watu huenda kunywa chai, na pamoja na chai huletewa vikapu vya mianzi vyenye vitu vidogo vidogo vya mvuke na vya kukaanga. Ni desturi ya kupendeza, familia nzima huketi, babu na wajukuu, wakazungumza hadi adhuhuri. Wala si mbali na desturi yetu ya chai ya asubuhi kwa mahamri na mbaazi. Lakini vikapu vile vina mtego. Hata kile kilichojazwa kamba watupu mara nyingi huchanganywa mafuta ya nguruwe ili kiwe laini, na vitu vya kuokwa hukandwa kwa mafuta hayohayo. Macho hayawezi kulijua hilo.

Majimbo ya Jiangsu na Zhejiang, yaliyo karibu na Shanghai, ni ya mapishi ya kiungwana, yenye utamu kidogo na moto mdogo wa muda mrefu. Wanasifiwa kwa kisu. Wapishi wa Yangzhou hukata kipande laini cha tofu mpaka kiwe nyuzi nyembamba kama nywele zinazoelea ndani ya supu. Tulipomsomea jambo hilo mama watoto, alisema tofu haina kosa lolote hata itendewe hivyo. Huku mpenda halali awe macho kwa sababu nyingine: mji wa Shaoxing umo Zhejiang, na divai yake ya mchele hutiwa katika vyungu kama sisi tunavyotia ndimu, ili kukata harufu ya samaki na nyama. Samaki ni halali, mboga ni halali, na chungu kimekwisha haribiwa kwa kijiko kimoja.

Fujian iko pwani, na ni nchi ya supu na vitu vya baharini. Humo mna Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaytun. Msikiti wake wa mawe ulijengwa mwaka 1009. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika pia habari za Zaytun, na akaeleza kwamba katika kila mji wa Uchina Waislamu wana mtaa wao na misikiti yao. Laiti tungalikuwa tumekisoma kitabu chake kwa makini kabla ya kumjibu ndugu yetu wa tende.

Sasa tufike kwenye mapishi yasiyokuwamo katika hesabu ya manane.

Uchina ina Waislamu zaidi ya milioni 20. Wapo Wahui, wanaozungumza Kichina na wametawanyika nchi nzima. Wapo Wauyghur wa Xinjiang, ambao lugha yao ni jamaa ya Kituruki, na wapo wengine wachache kwa idadi. Katika majengo ya zamani misikiti yao mingi imeezekwa kwa paa la Kichina lililopinda pembeni, na jikoni mwao mna karai ileile ya Wachina wenzao, lakini kilichomo ndani ya karai ni kingine. Chakula chao huitwa qingzhen. Maneno hayo mawili yana maana ya kilicho safi na cha kweli, na ndiyo maneno ambayo Wachina hutumia kwa kile sisi tunachokiita halali. Msikiti nao huitwa kwa jina hilo.

Maarufu kuliko vyote ni tambi za Lanzhou, mji ulio kando ya Mto Manjano kaskazini-magharibi. Mhui mmoja aitwaye Ma Baozi ndiye anayetajwa kuzifanya zipate sifa, mwaka 1915. Unga wa ngano hukandwa na kupumzishwa. Zamani ulitiwa majivu ya mmea wa jangwani, yaliyofanya kazi inayofanana na ya magadi yetu, ili donge livutike bila kukatika. Mpishi hulishika donge ncha mbili, hulivuta, hulikunja, hulivuta tena, na kila mkunjo huzidisha nyuzi mara mbili, mpaka donge moja linakuwa tambi nyingi nyembamba ndani ya muda mfupi kuliko anaotumia mtu kutawadha. Bakuli lililokamilika lina alama tano zinazojulikana: supu ya ng'ombe iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu thomu yawe ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Watu wa Lanzhou huzila asubuhi, kama sisi tulavyo mbaazi.

Ni tambi hizi ndizo zilizokuwa zikivutwa pale pembeni mwa nyumba ya ndugu yetu. Katika karibu kila mji mkubwa wa Uchina zimo, tena mara nyingi wenye migahawa hiyo si watu wa Lanzhou bali ni Waislamu wa wilaya ya Hualong katika jimbo la Qinghai, waliotoka kwao kutafuta riziki, mume akivuta tambi na mke akipokea pesa. Bei yake humfaa mwanafunzi. Kijana mmoja aliyesoma Wuhan alituambia kwamba kwa miaka minne alikula humo karibu kila siku, na mwenye mkahawa alikuja kumwita mtoto wake.

Xi'an, mji mkuu wa zamani ulioitwa Chang'an, una mtaa mzima wa Wahui kando ya Msikiti Mkuu. Chakula cha huko ni mkate mgumu katika supu ya kondoo, na kuna adabu ya kukila. Mgeni hupewa bakuli tupu na mkate, akaumega mwenyewe kwa vidole, vipande vidogo kama punje za kunde. Kazi hiyo huchukua nusu saa na huku watu wakizungumza. Bakuli hurudi jikoni, hutiwa nyama na supu, na huliwa pamoja na kitunguu thomu kilichovundikwa kwa sukari. Wanasema mpishi huujua utulivu wa mgeni kwa kutazama ukubwa wa vipande vyake. Sisi tulijaribu nyumbani kwa mkate wa mofa uliolala na supu ya mbuzi, na wajukuu hawakuwa na subira ya kumega. Hata hivyo, supu haikubaki.

Beijing ina mtaa wa Niujie wenye msikiti wa kale, na ina chungu cha moto kisichofanana na cha Sichuan. Ni chungu cha shaba chenye bomba la makaa katikati, maji yake hayana viungo vingi, na nyama ya kondoo hukatwa nyembamba kama karatasi ikachovywa kwa pumzi chache tu, kisha hutiwa katika rojo la ufuta. Mgahawa mashuhuri wa chakula hicho, Donglaishun, ulianzishwa na Muislamu mwaka 1903. Ajabu ni kwamba Wachina wa Beijing wasio Waislamu huenda kwa Waislamu wanapotaka kondoo mzuri.

Yunnan, kusini-magharibi, ndiko alikozaliwa Zheng He mwaka 1371, Muislamu mwana wa Hajj, aliyeongoza majahazi makubwa ya mfalme. Wasomaji wa Malindi wanaijua habari ya twiga aliyetoka kwao akafikishwa Uchina mwaka 1415, na wa Mambrui wanaliona kila siku kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya kaure. Waislamu wa Yunnan hukausha nyama ya ng'ombe kwa chumvi na upepo, wakaikata nyembamba na kuikaanga na pilipili kavu. Mabaharia wa Zheng He bila shaka walikuwa na chakula kikavu cha namna fulani, lakini kama ilikuwamo nyama hiyo hatuwezi kusema.

Na Xinjiang? Hapo mpishi wa pwani atadhani amerudi nyumbani. Wauyghur hupika wali kwa nyama ya kondoo, vitunguu, mafuta na karoti nyingi, katika chungu kimoja, nao huuita polo. Ni neno lilelile lililotupa sisi pilau. Wana samsa, ambayo ni ndugu wa sambusa, ila hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo badala ya kukaangwa. Wana mkate unaookwa katika tanuri hiyo, ambayo anayejua mofa hatahitaji kuelezwa. Mishikaki yao hunyunyiziwa bizari nyembamba, ile ambayo wengine huiita uzile, pamoja na pilipili. Tofauti ni kwamba pilau yao haina karafuu wala iliki kama yetu, na karoti zao nyingi ni za manjano. Watu hawa wamo katika dhiki ambayo wasomaji wameisikia, na tunawakumbuka katika dua.

Mama yetu wa Jumamosi hakuja kutafuta historia, basi tuyaseme yanayomfaa mwanawe.

Ajifunze alama mbili kabla ya kuondoka: 清真. Tumemwomba mhariri azichape kwa ukubwa. Ya kwanza ina matone matatu ya maji upande wa kushoto, hivyo haisahauliki: maji, usafi. Tunasisitiza alama za Kichina kwa sababu zamani msafiri wetu alitafuta neno “halali” kwa herufi za Kiarabu mlangoni. Mwaka 2019 mamlaka za Beijing ziliagiza maandishi ya Kiarabu yaondolewe kwenye mabango ya migahawa hiyo. Asiyeyaona asidhani Waislamu wamekwisha. Pia msikiti ukipatikana, chakula hakiko mbali.

Ajue vilevile kwamba katika Kichina neno la nyama, rou, likisemwa peke yake kwa kawaida humaanisha nguruwe. Kijana akiuliza “hii ni nini?” akajibiwa “rou”, asifikirie kuku. Ng'ombe ni niurou, kondoo ni yangrou, kuku ni jirou. Kaskazini-magharibi, Wahui hawapendi hata kumtaja nguruwe kwa jina, wakamwita “nyama kubwa”, darou. Aseme “wo chi qingzhen”, yaani mimi hula halali, na Wachina wengi wataelewa mara moja kuliko akianza kuhesabu asivyovila. Kusema “sili nguruwe” peke yake hakutoshi, maana mwenyeji mwema atamtolea nguruwe na kumwachia supu ya mifupa yake.

Meza nayo ina mtihani wake. Huko sahani zote huwekwa katikati, mara nyingi juu ya ubao unaozunguka, na kila mtu hunyoosha vijiti vyake. Chuoni tulifunzwa kula upande wetu wa sinia, na kijana anaweza kubaki na adabu hiyo kwa kungoja sahani imfikie. Akialikwa na wenzake wasio Waislamu, aseme mapema, siku moja kabla, wala asisubiri mpaka mama wa watu amekwisha kupika. Tumeelezwa kwamba wenyeji huchukua heshima kubwa kumlisha mgeni, na aibu yao ni kubwa zaidi wakigundua baadaye kwamba hakula.

Wengi wa Waislamu wa Uchina hufuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambayo katika viumbe vya baharini huhalalisha samaki peke yake. Sisi wa Shafii tumepewa wasaa zaidi. Basi kijana asishangae akikosa kaa na chaza katika mkahawa wa qingzhen, wala asibishane na mwenye duka. Kuhusu sosi ya soya, ambayo huvundikwa na huweza kuwa na chembe za kileo zilizojitokeza zenyewe, wanavyuoni wengi wa zama zetu hawakuona ubaya, kwa kuwa haikukusudiwa kuwa ulevi wala hailevishi. Anayetaka kujihadhari atapata chupa zenye muhuri wa halali hapa hapa madukani kwetu.

Na kwa kuwa tumeitaja sosi hiyo, tuwaachie akina mama samaki wa Guangdong, alivyotupikia yule kijana wa Wuhan nyumbani kwetu. Chukua changu mzima wa kilo moja hivi, aliyevuliwa leo. Mpasue ubavuni mara tatu, mweke kwenye sahani ya bati juu ya vipande vya tangawizi, na uiweke sahani ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka chini yake, ukaifunika vizuri. Dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha, na kama nyama inaachana na mfupa, ameiva. Mwaga maji aliyoyatoa, maana ndiyo yenye shombo. Mtandaze tangawizi na majani ya vitunguu vilivyokatwa nyuzi nyuzi, pasha mafuta vijiko vitatu mpaka yafuke moshi, uyamwage juu yake yalie, kisha umalizie kwa vijiko viwili vitatu vya sosi ya soya. Usitie divai, na usitie chumvi, kwa kuwa sosi ina chumvi ya kutosha.

Mama watoto aliketi pembeni akitazama kwa mashaka samaki asiye na tui wala bizari. Alipoonja alinyamaza, akaonja tena, kisha akauliza kama ndimu inaruhusiwa. Tulimwambia inaruhusiwa.

Bibi wa Jumamosi ameifuta mikebe ya samaki katika karatasi yake. Tende amezibakiza. Wiki ijayo, inshallah, tutarejea kwenye maswali ya mirathi ambayo yamerundikana mezani kwetu.